Mwenyekiti Aliyetazama Jukwaa

Siku ya fainali ya Kombe la Dunia, ukumbi wa video wa pale Dagoretti Corner ulijaa mpaka watu wakakaa dirishani, na wote walikuwa wakitazama mpira isipokuwa mtu mmoja. Yeye alikuwa akingoja kamera igeuzwe jukwaani, pale wanapokaa wakubwa wa shirikisho la dunia na suti zao. Kamera ikigeuka tu, anasimama na kutuzibia.

"Mnamwona huyo wa tai nyekundu? Juzi juzi alikuwa anakaa kiti cha pili kutoka kwa Rais. Leo amesukumwa hadi cha tano. Hapo kuna mambo."

Watu wakamwambia akae chini. Akakaa. Dakika hiyo hiyo bao likafungwa, ukumbi mzima ukaruka, soda ya mtu ikanimwagikia begani, na yeye akabaki ameinama akiandika kwenye daftari. Nikachungulia. Alikuwa ameandika: Kiti cha tano. Chunguza.

Huyo ndiye Mwenyekiti. Jina analo, liko kwenye kitambulisho, lakini sisi wa Riruta hatukuwa na kazi nalo. Hata mke wake akimwita mezani alisema, Mwenyekiti, chakula kinapoa. Aliongoza ligi yetu ya mtaa, ligi ya timu saba na uwanja mmoja wenye mteremko, ambao kwenye kona ya kushoto una mlingoti wa stima unaocheza beki kuliko beki wengi. Aliiongoza vile shirikisho la dunia linavyoongozwa, au vile yeye alivyoamini linaongozwa. Chochote alichosoma gazetini kuhusu wale wakubwa wa mpira, kufikia Jumapili tulikuwa nacho Riruta.

Acha niseme ukweli mapema, maana nampenda na sitaki kumzunguka. Mwenyekiti alitaka kitu kimoja tu duniani, azeeke akiwa Mwenyekiti. Na kura iliyomtoa ilikuwa yangu. Kwa miezi mingi nilitembea na hiyo kura kooni kama mtu aliyemeza kokwa la parachichi.

Kazi iliyomlisha ilikuwa mihuri. Ana kibanda katikati ya jiji, kwenye uchochoro ulio nyuma ya River Road, upana wake kama kabati la nguo. Humo anakata raba kwa wembe na kutoa mihuri ya shule, ya makanisa, ya vyama vya akina mama. Anaandika herufi kinyume haraka kuliko mimi ninavyoandika sawasawa. Mimi siku tatu kwa wiki napiga pasi katika nyumba moja ya Kitisuru, na siku zilizobaki nilikuwa nashuka tauni, yaani mjini, kumsaidia kama Katibu wa ligi kupiga chapa vitambulisho vya wachezaji, kwa sababu nina mwandiko mzuri na, alivyosema mwenyewe, sina haraka ya kuolewa.

Kuhusu mihuri hakuwa na mchezo. Siku moja nikiwa pale alikuja kijana nadhifu, viatu vinang'aa, akataka muhuri wa daktari. Mwenyekiti akamwuliza anaumwa wapi. Kijana akasema haumwi, anataka tu kujipa mapumziko ya siku mbili kazini. Mwenyekiti alimsindikiza kwa mahubiri mpaka kwenye ngazi, kwamba muhuri ni mdomo wa mtu asiyekuwepo, na ukimtia maneno mdomoni mtu asiyekuwepo wewe ni mwizi. Kisha akarudi, akapangusa miwani, akafungua droo na kutoa mihuri mitatu aliyojichongea mwenyewe. Kamati ya Nidhamu. Kamati ya Maadili. Kamati ya Uchaguzi. Kamati zote tatu zilikuwa na mwanachama mmoja, naye alikuwa amekaa mbele yangu akipuliza vumbi la raba.

"Usicheke," aliniambia. "Zinakaa siku tofauti. Jumanne Nidhamu, Jumatano Maadili. Haziingiliani."

Na kweli hazikuingiliana. Kuna wakati winga mmoja alimpiga refa teke la kisigino. Jumanne Kamati ya Nidhamu ikamfungia mechi mbili. Jumatano Kamati ya Maadili ikakaa, ikaona adhabu ni ndogo mno, ikaiandikia Kamati ya Nidhamu karipio kali la kurasa mbili. Alhamisi nilimkuta Mwenyekiti amenuna. Nilipomwuliza nini, akasema kuna watu kwenye ligi hii hawana adabu katika kuandika.

Kamati moja tu haikuwa yeye, Kamati ya Rufaa. Hiyo alimpa mke wake, mama mpole wa sura anayeuza githeri karibu na lango la uwanja. Alieleza kwamba kule juu wanasema wa rufaa lazima awe mtu huru asiyemwogopa Rais, na katika Riruta nzima hakuna mtu asiyemwogopa yeye kuliko huyo. Hakukosea. Mwenyekiti aliwahi kuinyang'anya timu moja ushindi kwa sababu wachezaji wawili walivaa soksi za rangi tofauti na wenzao. Timu ikakata rufaa. Mama alisikiliza kesi huku anapakua, hakuacha hata mwiko. Mwishoni akamtazama mumewe miguuni.

"Na wewe leo umevaa ngapi?"

Sote tukaangalia. Moja ya kijivu, moja ya kahawia. Pointi zikarudishwa saa hiyo hiyo, na Mwenyekiti akaandika hukumu mwenyewe, akaipiga muhuri, akaibandika ukutani ili kila mtu aisome, pamoja na sehemu ya soksi zake.

Hapo ndipo mtu alipokuwa anachanganyikiwa naye. Angepindisha sheria mpaka itoe mlio, lakini hakuweza kuisoma vibaya. Akishika karatasi, chochote kilichoandikwa kitatoka mdomoni mwake jinsi kilivyo, hata kama kinamchoma.

Alikuwa na misemo yake. Aliamini mpira unachezwa mahali pawili, uwanjani na mezani, na kwamba mabao mengi hufungwa mezani. Alisema mechi ina kipenga cha mwisho lakini mkutano hauna, kwa hivyo njoo umeshiba. Alinifundisha nikitoa hoja nisianze na samahani, kwa sababu ukianza na samahani watu wanakusamehe na hoja inakufa. Na alisema kanuni ni kama chupi, huna haja ya kuionyesha watu, lakini usitoke nyumbani bila. Hilo la mwisho alilisema mbele ya mchungaji, akiwa amevaa lile koti lake la bluu lenye nembo ya ligi kifuani, koti ambalo hakulivua hata jua la Januari likichemsha watu, kwa sababu hajawahi kumwona kiongozi wa mpira akiwa na shati tu.

Lakini kituko chake kikubwa kilikuwa zabuni. Alisoma kwamba nchi hushindana kuomba kuandaa Kombe la Dunia, na wakaguzi hutumwa kwenda kuona. Basi kila mwaka akatangaza zabuni ya kuandaa fainali yetu. Uwanja ulikuwa mmoja. Kila mtu alijua fainali itachezwa pale pale penye mlingoti. Hilo halikumzuia. Kamati ya ukaguzi, yaani yeye, mimi na mzee mmoja wa kwaya, ilizunguka kwa kila aliyeomba, ikalishwa chai na mandazi, ikapima vitu kwa hatua za miguu, ikaondoka ikisema itajibu.

Mwaka mmoja nilikosea, nikataja kwamba kule Kitisuru ninakopiga pasi kuna nyasi nyuma ya nyumba unaweza kulala juu yake bila shuka. Sikumaanisha chochote. Jumamosi iliyofuata nikashtukia tuko langoni kwa mwajiri wangu, Mwenyekiti mbele na koti, mzee wa kwaya nyuma na kamba ya kupimia, mimi katikati nikitamani ardhi ipasuke. Askari wa lango aliuliza shida ni nini. Mwenyekiti akampa karatasi yenye mihuri mitatu. Askari aliisoma yote, akaigeuza, akasoma nyuma ambako hakukuwa na kitu, akasema mzee, mimi naona uko na mamlaka kabisa, lakini mbwa hajui kusoma. Tukakagua kupitia matundu ya lango. Ripoti niliiandika mimi kwa maneno yake: Nyasi bora. Ukarimu duni. Mbwa wawili. Fainali ikachezwa Riruta.

Sasa nifike kwenye timu yetu.

Habari kwamba Kombe la Dunia linaongezwa timu ziliwakasirisha watu wengi pale mtaani, wakisema mpira utaharibika. Mwenyekiti peke yake ndiye aliyefurahi kama mtu aliyepewa jibu la mtihani. Alinikalisha kibandani akanieleza. Kule juu, alisema, nchi iliyobeba kombe mara tano ina kura moja, na kisiwa ambacho watu wake wote wanaenea kwenye soko la Kawangware kina kura moja pia. Kwa hivyo kiongozi mwenye akili hapotezi muda na wakubwa. Anawatafuta wadogo, anawapa nafasi, anawapa mpira, anapiga nao picha.

"Kila timu ni kura, Katibu. Usiangalie miguu. Angalia mkono unaonyanyuka."

Ndani ya mwezi mmoja ligi ikatoka timu saba ikawa kumi na moja. Wakaingia makanga wa matatu za Naivasha Road, wakaingia vijana wa kichinjioni, wakaingia wazee wa kwaya ambao kipa wao alikuwa na nyonga mbaya na alikuwa anaokoa tu mipira iliyomjia kifuani. Na tukaingia sisi wasichana. Mimi ndiye niliyepeleka majina. Nilikuwa nimewaza hiyo timu tangu shule, kabla sijaachia kidato cha pili. Usiku nilikuwa naiota ikitoka kwenye mlango wa uwanja mkubwa kwa mstari, mimi mbele na glavu. Mkutanoni wanaume walicheka, mmoja akauliza nani atapika Jumapili. Mwenyekiti hakucheka. Alisoma majina yetu kumi na matano moja baada ya jingine, kwa sauti ya kutangaza matokeo ya uchaguzi, akayapiga muhuri. Nililia nikiwa njiani kurudi nyumbani, na sikuwa na huzuni.

Kila timu mpya ilikabidhiwa mpira mmoja mpya kwa sherehe. Ukishika mpira, naye anashika upande wa pili, mnatabasamu, na hauachii mpaka mpiga picha amalize. Wazee wa kwaya waliushikilia wimbo mzima.

Sisi tulipata mpira, tukapata muhuri wa klabu, tukapata kura. Tulichokosa ni saa ya kucheza. Uwanja ulikuwa umejaa Jumamosi na Jumapili, na kila nikimwuliza Mwenyekiti, alinijibu kwamba jambo letu liko kwenye ajenda. Nilikuja kuijua hiyo ajenda. Ni mahali pazuri, pana kivuli, na mambo yakifika pale yanalala. Msimu mzima tulifanyia mazoezi kwenye barabara ya vumbi kando ya uwanja, tukisimama kila boda boda ikipita, huku wazee wa kwaya wakiwa ndani wamepumzika katikati ya mechi yao.

Nilikasirika? Nilikasirika. Lakini hasira yangu naye haikuwa inafika jioni. Nikimfikiria namwona anasoma majina yetu.

Katiba ya ligi, aliyoiandika mwenyewe kwa kuangalizia ile ya shirikisho la dunia, ilisema mihula mitatu basi. Yeye alikuwa amemaliza mitatu. Kumbe gazetini alikuwa amesoma kwamba kule juu kuna nusu muhula ambao haukuhesabiwa. Akatafuta wake. Akaupata. Alitangaza kwamba muhula wake wa kwanza haukuwa muhula kamili kwa sababu miezi minne ya mwanzo ligi haikuwa na mpira, na uongozi wa mpira bila mpira ni kujitolea tu. Watu walicheka sana, na walipomaliza kucheka waligundua amekwisha kupitishwa kugombea tena.

Aliyeamua kushindana naye alikuwa kocha wa timu ya Dagoretti Corner, kijana wa boda boda, mcheshi, asiye na koti. Kocha alinipata kando ya barabara tukifanya mazoezi. Akazima pikipiki ili tusisimame, jambo ambalo hakuna mwingine aliwahi kufanya. Akasema akichukua kiti, wasichana watacheza kila Jumamosi saa nane, uwanjani, na refa. Hakutaka nimjibu. Aliwasha pikipiki akaenda.

Mwenyekiti naye hakuniomba kura. Mpaka leo hilo ndilo linaniuma. Aliwaomba makanga, aliwaomba wa kichinjioni, alienda mazoezi ya kwaya akaimba sauti ya nne. Mimi hakuniomba. Asubuhi ya mkutano alinipa tu daftari la kumbukumbu, akasema niandike kila kitu, hata akiaibika.

Mkutano Mkuu ulifanyika uwanjani, mezani palepale katikati. Kwa sababu kule juu kuna waangalizi wa kimataifa, naye alimleta wake, Ustadh mwenye duka la manukato na kofia jirani na kibanda chake kule mjini. Ustadh ni mtu wa Mombasa, hajui mpira hata kidogo. Kocha alipinga, akasema Mombasa ni Kenya.

"Umewahi kufika?" Mwenyekiti akamwuliza.

"Bado."

"Basi."

Desturi yetu miaka yote ilikuwa kumpitisha kwa makofi. Mzee mmoja wa kwaya husimama, anataja jina, watu wanapiga makofi, kwisha. Siku hiyo mzee alisimama, akataja, makofi yakaanza, na Kocha akanyanyua mkono.

"Mzae, sisi tunakuheshimu, hiyo unajua. Lakini hii makofi tumechoka nayo. Tupige kura."

Nakala ya katiba ilikuwa moja tu, na ilikuwa mkononi mwake. Hakuna mwingine aliyejua ilisema nini juu ya makofi. Angesema lolote, tungeandika. Nilikuwa nimekaa ubavuni mwake na niliona kidole chake kikitafuta mstari, kikaupata, kikatulia juu yake. Akasoma kwa sauti kwamba mjumbe hata mmoja akipinga makofi, uchaguzi utakuwa wa siri, kwa muhuri na karatasi. Akasoma mara ya pili, polepole, kama anayetumaini maneno yatakuwa yamebadilika.

Tukafunga shuka kwenye milingoti ya goli, mtu anaingia nyuma yake peke yake. Karatasi zilikuwa na visanduku viwili, Mwenyekiti juu, Kocha chini. Muhuri wa kupigia aliuchonga yeye, alama ya mpira mdogo wenye mishono yote. Zamu yangu ilipofika nilisimama mle ndani mpaka mtu akakohoa. Nilifikiria saa nane ya Jumamosi. Nilifikiria ile sauti ikisoma majina yetu. Halafu nikasikia boda boda ikipita kule barabarani kwetu, na mwili wangu ukasogea pembeni wenyewe, kwa mazoea, kumpisha. Niko nyuma ya shuka, ndani ya uwanja, na bado nampisha. Nikapiga muhuri kisanduku cha chini. Muhuri ukaangukia upande.

Ustadh alifungua karatasi moja moja, akiinua kila moja juu kama anayeonyesha kitambaa kwa mteja. Kumi zilipoisha ilikuwa tano kwa tano. Ya kumi na moja akaigeuza, akaisogeza karibu na macho.

"Hii muhuri wake umeingia kwa Kocha, lakini umegusa mstari, na upande mmoja watoka nje. Mimi mgeni wenu. Sheria yenu yasemaje?"

Watu wote wakamgeukia Mwenyekiti, maana hata katika kumng'oa tulimhitaji atuambie utaratibu. Akafungua katiba akasoma. Muhuri ukitoka nje ya kisanduku na mgombea akapinga, karatasi inatupwa. Kura zikilingana, aliye kitini anabaki kitini. Akaifunga. Kocha alifumba macho. Makanga mmoja akasema imeenda hiyo.

Mwenyekiti akaomba karatasi. Akavaa miwani. Aliitazama muda mrefu mpaka mzee wa kwaya akaanza kuguna wimbo bila kujijua. Mimi niliandika tarehe kwenye daftari mara tatu. Kisha akamrudishia Ustadh.

"Sina pingamizi. Hesabu."

Vijana wakambeba Kocha juu. Mwenyekiti akawaambia wamshushe kwanza, hajatia sahihi.

Baada ya hapo sikushuka tauni tena. Niliwaambia watu Kitisuru kuna kazi nyingi. Saa nane yetu ya Jumamosi ilikuja kweli, Kocha alitimiza, na mechi ya kwanza ya ligi tulicheza na wasichana wa mtaa mwingine waliokaribishwa msimu huu. Tulifungwa tisa bila. Mimi ndiye kipa, kwa hivyo hizo tisa nazijua kwa sura. Kipindi cha pili ndipo mwenzetu mmoja alipofikiria kuwahesabu. Walikuwa kumi na wawili. Refa akasema hakuona. Nilienda kwa Kocha, akacheka kwa upole akaniambia nitulie, ni mchezo tu, na tisa ni tisa hata tungemtoa huyo mmoja wa ziada.

Ndiyo maana Jumatatu nikajikuta kwenye ule uchochoro. Hakuna mtu mwingine Nairobi niliyemjua anayeweza kuandika rufaa.

Ustadh alikuwa mlangoni mwa duka lake. Tulisalimiana, akaniambia, "Ingia, binti yangu. Mwenyewe yuko ndani na katiba ya choo." Nilidhani ni mzaha. Kumbe wapangaji wa lile jengo walimwomba Mwenyekiti awe kiongozi wa kamati ya choo chao cha pamoja, akakataa, akasema amestaafu, ila atawaandikia sheria. Alikuwa ukurasa wa kumi na nne, kwenye haki za mgeni.

Hakushangaa kuniona. Alisogeza raba nikae.

"Sasa, Katibu."

Nilikuwa nimepanga kuanza na wale kumi na wawili. Badala yake nikasema, "Mwenyekiti, ile kura ya mwisho ilikuwa yangu."

"Najua."

"Ilikuwa siri."

"Wewe unashika kwa mkono wa kushoto. Muhuri wako unaangukia upande, na unaukandamiza kama unaua mende. Nimekufundisha miezi sita, haukai sawa." Akachukua wembe, akarudi kukata herufi ya mtu. "Nilipoiona tu nikajua."

"Basi kwa nini hukupinga? Sheria ilikuwa yako."

Alimaliza herufi kwanza. Akaipuliza.

"Ningepinga, ningeshinda. Halafu Jumamosi ningepita pale barabarani mnapocheza kwenye vumbi, nikutazame na uso gani? Nilikuweka kwenye ajenda mwaka mzima, msichana wangu. Hata mimi nilikuwa nimeanza kuona aibu."

Machozi yangu huwa hayangoji kualikwa. Akanipa kitambaa cha kufutia wino, nikajifuta, nikapaka uso wote bluu, na Ustadh aliyekuwa akichungulia mlangoni akasema subhanallah akaenda kutafuta maji. Mwenyekiti alicheka mpaka akakohoa. Alipotulia akaniuliza mechi ilikuwaje. Nikamwambia tisa. Akauliza tisa za nani. Nikamweleza yote, wale kumi na wawili, refa, na vile nilivyoambiwa nitulie, ni mchezo tu.

Hapo akaacha kucheka. Aliweka wembe chini, akafunga kifuniko cha chupa ya gundi, akasogeza katiba ya choo pembeni na kunipa karatasi safi, zile nzito alizokuwa anatunza kwa mambo makubwa. Akaniambia andika wewe, klabu ni yako, na sahihi itakuwa yako. Yeye atataja tu.

"Juu kulia, jina la klabu. Chini yake, tarehe. Sasa kushoto. Kwa Mheshimiwa."

Nikaandika. Nikangoja. Hakuendelea. Mkokoteni ulipita uchochoroni, ukagonga ukuta, mwenyewe akautukana, ukaenda. Neno lililofuata nililijua vizuri, ila miaka yote hiyo sikuwahi kumwita mtu mwingine hivyo, na kalamu ilikuwa imesimama mahali pamoja mpaka wino ukaanza kufanya doa.

"Mwenyekiti," akanisaidia. "Andika tu, Katibu. Mimi nipo."